Himo hadi Taveta: barabara fupi iliyokatwa katikati

Mabasi ya Dar es Salaam yakifika Himo hushika njia ya Mwanga na Same, na magari ya Rombo hupanda Marangu. Yanayobaki huelekea mashariki, Holili, kisha Taveta ng'ambo ya mpaka wa Tanzania na Kenya. Kipande hicho hakifiki hata kilomita 20, lakini kimebeba mambo mazito kuliko barabara nyingi ndefu za Afrika Mashariki.

Njia hii ni kongwe kuliko mpaka inaouvuka. Misafara ya pwani iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini ilitua Taveta. Baada ya siku za kiu katika nyika ya Taru, wapagazi waliukuta msitu wa mto Lumi, kivuli, migomba na wenyeji wenye chakula cha kuuza. Msafiri Joseph Thomson alipumzika hapo mwaka 1883; Teleki, mtu wa Hungaria, akafuata 1887. Wataveta na Wachaga walikuwa majirani muda mrefu kabla ya wageni hao.

Kisha ukaja mstari. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana utoke mdomo wa mto Umba, uzunguke ziwa Jipe, uvuke Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, halafu uambae chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini. Hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima inapendwa sana, ila haina ushahidi. Maandishi ya mkataba yanatosha kuumiza: katikati ya Taveta na Uchagani ndipo hasa barabara hii inapopita.

Miaka 28 baadaye mstari ukageuka uwanja wa vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na Waingereza wakaanza kusogeza reli kutoka Voi. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliushambulia mlima Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata mapigano yakahamia vilima vya Latema na Reata, na Wajerumani wakaondoka. Reli ikafika Kahe, ikaungana na ile ya Tanga na Moshi. Makaburi ya askari yapo Taveta hadi leo, yamepangwa na kutunzwa. Wapagazi Waafrika waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo, wengi wao hawana hata jiwe.

Mpaka ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, ukafunguliwa Novemba 1983. Mtoto aliyezaliwa Holili mwaka ule wa kufungwa alikuwa amekaribia umri wa kuanza shule kabla ya kuruhusiwa kwenda kumsalimia shangazi yake Taveta.

Leo mambo yamebadilika kwa sura. Lami imetoka Taveta hadi Mwatate, hivyo Moshi na bandari ya Mombasa zimekaribiana. Tangu 2016 kuna kituo cha pamoja cha huduma mpakani: anayeingia Kenya anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili Taveta, anayeingia Tanzania anamalizia Holili. Kwa malori ni nafuu kubwa.

Kwa mama mwenye ndoo tatu za nyanya, bado. Yeye hupanda bodaboda alfajiri, ndoo zimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, akapita njia ya panya kati ya mashamba. Humo anaweza kudaiwa chochote na yeyote, na mzigo ukikamatwa mtaji wote umekwenda. Wala hakulazimika kupita huko. Taratibu za Jumuiya ya sasa zinampa mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 cheti rahisi cha uasili, hapo hapo mpakani, asilipe ushuru wa forodha. Kinachomkimbiza ni vibali vingine anavyosikia kwa tetesi, na amri zinazobadilika ghafla. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Katika siku hizo chache mkopo wa kikoba hausubiri.

Usalama wa chakula ni jambo la haki, na hakuna anayetaka mahindi yenye sumu. Lakini ukaguzi unaweza kufanyika bila kumfukuzia mfanyabiashara vichakani. Ofisi za forodha na kilimo za pande zote mbili ziweke meza moja ndani ya soko la Taveta na nyingine Himo, kila siku ya gulio. Vyeti vitolewe hapo, na orodha ya bidhaa, vibali na ada ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Jengo lipo, lami ipo, sheria ipo. Wakuu wa wilaya wa Rombo na Moshi na wenzao wa Taita Taveta waketi pamoja, wazianzishe meza hizo mbili mwaka huu.