RIPOTI YA NDEGE ILIYOKUWA INAKUJA BENI IKO WAPI?

Beni na Butembo, tarehe 24 Novemba 2024

Wandugu wa Beni, Butembo na Lubero,

Leo imetimia miaka 5. Ilikuwa siku ya Jumapili kama leo, mwaka 2019, asubuhi. Ndege ndogo ya kampuni Busy Bee, aina ya Dornier 228, iliruka Goma ikija kwetu Beni na abiria 17 na wafanyakazi 2. Haikufika mbali. Ilianguka juu ya nyumba za watu katika mtaa wa Mapendo. Walikufa watu zaidi ya 20, na kati yao wako wale waliokuwa kwao tu, hawakuwa na safari yoyote.

Tulilia, tukazika. Wakubwa walituma rambirambi. Leo tunauliza neno moja: ripoti ya uchunguzi iko wapi? Kama iko, ibandikwe kwenye mlango wa uwanja wa Mavivi, kila abiria aisome. Kama haiko, mtu wa Leta asimame aseme haiko, na aeleze juu ya nini.

Tunajua tutakayojibiwa. "Ni mapenzi ya Mungu." Sisi pia tunasali. Lakini si Mungu anayepima mizigo uwanjani, wala si Mungu anayesaini karatasi ya kuruhusu ndege iruke. Kuna watu wa kazi hiyo, na wanalipwa kwa makuta yetu.

Mahali pasipo na ripoti, hadithi ndiyo inabaki. Tarehe 25 Agosti 2010, Let 410 ya kampuni Filair ilitoka Kinshasa, ikaanguka ikikaribia kutua Bandundu. Kati ya watu 21 alipona mmoja tu. Dunia yote inakumbuka nini? Mamba! Eti mamba alitoka ndani ya mfuko, abiria wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza uzito wake sawa. Watu wanacheka mpaka leo. Mmoja wa marubani alikuwa Mwingereza, na kwao Uingereza mahakama ilikaa ikauliza mtoto wao alikufa namna gani. Wale Wakongo waliokuwa nyuma yake, nani aliketi kuuliza juu yao kwa sauti, mbele ya familia zao?

Tena isisemwe kwamba uchunguzi hauwezekani Kongo. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa ilianguka Kinshasa ikijaribu kutua ndani ya dhoruba, wakafa watu 32 kati ya 33. Uchunguzi ulifanyika, ripoti ikatoka. Ilieleza upepo ule mkali, ikaeleza pia kwamba uwanja wa N'djili haukuwa na vifaa vya kutosha vya kuona dhoruba inayokuja. Kwa hiyo inawezekana. Lakini tarehe 4 Machi 2013, siku ya mvua mbaya, Fokker 50 ya CAA iliyotoka Lodja ilianguka mjini Goma ikikaribia kutua. Je, Goma walikuwa wamepewa vifaa vile vilivyokosekana Kinshasa? Na Mavivi leo? Na Rughenda, hapa Butembo, penye ukungu wa asubuhi ambao sote tunaujua? Rubani akiuliza hali ya hewa, anajibiwa na chombo ao na mtu anayeangalia juu kwa macho?

Tangu 2006 Ulaya ilizikataza karibu kampuni zote za ndege za Kongo kuingia kwao, na orodha hiyo inatangazwa kwa kila mtu. Sisi tunaozipanda kila siku hatuonyeshwi hata karatasi moja.

Na tusiambiwe "basi mupite barabara". Barabara gani? Tangu Juni M23 iko Kanyabayonga, njia ya Butembo na Goma imekatika. Upande wa Mambasa na Komanda, ADF wanaua watu. Mgonjwa, mwanafunzi, mama mwenye biashara, wote wamebaki na ndege tu. Halafu tangu 2009 abiria analipa Go-Pass, dola 10 kwa safari ya ndani ilipoanza, na tuliambiwa ni ya kurekebisha viwanja.

Wengine watasema: "Ninyi vijana wenye diplome bila kazi, tiketi munanunua lini?" Kweli, wengi wetu hatujawahi kupanda. Lakini watu wa Mapendo waliokufa ndani ya nyumba zao, nani alikuwa na tiketi?

Tunaomba mambo manne, na tutayafuata mpaka mwisho:

1. Ofisi ya uchunguzi wa ajali za ndege, BPEA, itoe ripoti ya tarehe 24 Novemba 2019, pamoja na maelezo kwa Kiswahili.
2. AAC ibandike uwanjani tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa kila ndege inayotua Mavivi na Rughenda.
3. RVA ionyeshe makuta ya Go-Pass yaliyotumika Beni na Butembo ni ngapi, na kwa kazi gani.
4. Wabunge wetu wa Beni, Butembo na Lubero wamwite waziri wa uchukuzi bungeni ajibu.

Waheshimiwa, ninyi pia munapanda ndege hizo hizo. Ulizeni basi, hata kama ni kwa ajili yenu wenyewe.