Wahudumu wa maktaba za vyuo waheshimiwe



Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe dukuduku langu juu ya adha wanayoipata wanawake wanaofanya kazi katika maktaba za vyuo. Mimi nimestaafu na sasa naishi hapa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya kuazimia vitabu katika chuo kimoja, na haya ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Tukizungumzia ngono vyuoni, kila mtu humfikiria mwalimu anayemtaka mwanafunzi kimapenzi ndipo ampe alama. Hilo ni ovu na ni haki lipigwe vita. Lakini ni nani anayemkumbuka mhudumu wa maktaba? Karani wa ofisini aweza kufunga mlango. Mhudumu wa kaunta hana mlango. Kazi yake inamtaka akae palepale, amjibu kila anayeuliza na amchangamkie kila anayeingia. Msomaji mwenye nia mbaya anaijua zamu yake na saa yake ya kutoka. Huomba kitabu kilichoko rafu ya mwisho kule pembeni ili amfuate. Hurudisha kitabu kikiwa na karatasi ya maneno ya aibu ndani yake. Akidaiwa faini hujibu kwa kuutaja mwili wa dada wa watu. Akikemewa husema, "Mbona ulinichekea?"

Bashasha ya mhudumu ni sehemu ya kazi, siyo mwaliko. Lakini mimi nilipolalamika, mkubwa wangu alinijibu nivumilie, eti msomaji ni mfalme.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Alikuwa mwanafunzi, si mtumishi, lakini kifo chake kilituonyesha mwisho wa mambo yanayoitwa utani. Akina mama walipaza sauti, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Sheria hiyo iliufanya unyanyasaji wa kijinsia, hata ule wa maneno, kuwa kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Iliweka pia muda wa siku 60 wa kuleta malalamiko. Basi mkubwa anayemwambia mhudumu "vumilia" mpaka miezi miwili inapita, anamfungia njia ya kwenda mahakamani.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa namba alizozibuni Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Bwana huyo alilalamikiwa na wanawake wakutubi wenzake mwaka 1905 kwa kuwashikashika. Hata hivyo jina lake liliendelea kupamba nishani ya Chama cha Maktaba cha Marekani, na liliamuliwa kuondolewa mwaka 2019 tu. Sisi tusingoje zaidi ya miaka 100!

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kanuni ibandikwe mlangoni kwamba msomaji atakayemsumbua mhudumu atanyang'anywa kadi ya maktaba, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au profesa. Pili, mwanamke asiachwe peke yake zamu ya usiku. Tatu, malalamiko yaandikwe siku ileile na kupelekwa kwenye kamati, yasiishie mezani kwa mtu mmoja, kwani pengine huyo huyo ndiye anayelalamikiwa.

Huku kwetu wazazi huuza usipa na muhogo ili mabinti wasome. Binti akihitimu ukutubi kule Bagamoyo na kuajiriwa chuoni, kijiji kizima hufurahi. Tumemtuma akatunze vitabu na kuwasaidia wasomi wa taifa hili. Hatukumtuma akawe kitoweo chao.

Wakuu wa vyuo, mpo? Tunangoja majibu yenu kwa vitendo.

Mtumishi mstaafu wa maktaba,
Mbaha, Wilaya ya Nyasa.