Kabla ya Kizibo cha Moyo, Mapigo Yapimwe

Vyumba viwili vya juu vya moyo vinapopapatika badala ya kupiga kwa mpangilio, damu hutuama, hasa katika kijifuko kilicho ubavuni mwa chumba cha kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Hatari hiyo kwa mwenye mpapatiko ni takriban mara 5 ya ile ya asiye nao.

Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha Watchman, kifaa kinachoziba kijifuko hicho. Hupitishwa kwa mrija mwembamba kupitia mshipa wa kinenani, bila kupasua kifua. Ni msaada wa kweli kwa mgonjwa asiyeweza kutumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa muda mrefu, kwa mfano aliyewahi kuvuja damu nyingi. Hata hivyo, mgonjwa wa mkoani Mara asidhani kwamba pasipo kizibo hakuna kinga.

Afrika Mashariki ina wagonjwa wengi ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni. Valvu ya kushoto ikibana sana, damu huweza kuganda hata nje ya kijifuko, kukiziba hakutoshi. Kwa wagonjwa hao dawa kongwe, warfarini, ingali na nafasi yake. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionesha kuwa waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroksabani.

Lakini warfarini bila kipimo ni hatari. Kiwango cha INR, kinachoonesha kasi ya damu kuganda, kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, bonge hujengeka. Kikipanda, damu huvuja. Mkazi wa Buswahili wilayani Butiama akilazimika kwenda Musoma mjini, au kupita Bunda hadi Mwanza, kila anapohitaji kutoa tone la damu, atapima mara moja na nauli itamshinda. Kwa hiyo mashine ndogo ya INR katika kituo cha afya ingewakinga watu wengi zaidi kuliko vizibo vichache katika hospitali ya mbali.

Gharama ya hatua ya kwanza ni ndogo zaidi: mhudumu ashike mshipa wa mkono wa kila mzee na kila mwenye shinikizo la damu, kwa dakika nzima. Mapigo yakienda ovyo, ampeleke kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Naye mgonjwa asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri, wala asiibadilishe kwa aspirini bila ushauri wa daktari.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa kwanza uko zahanati.