Ununue lenzi au bati? Kijiwe nusura kivunjike!

Mjini hapa vijiwe viko vya kila aina. Kuna vya mpira, kuna vya siasa, kuna vya kahawa na bao, na kuna vile ambavyo kazi yake ni kuhesabu nani kapita na nani, saa ngapi. Cha kwetu ni cha kamera. Tunakutana Jumamosi jioni Magomeni, barazani kwa fundi friji mmoja, watu saba tukitimia, na hakuna hata mmoja anayeishi kwa kuuza picha. Yuko mwenye baraza, yuko dada mmoja mwalimu wa sekondari, yuko konda wa zamani ambaye siku hizi anauza vipuri, yuko dogo wa kompyuta, wako ndugu wawili mafundi cherehani, na mimi mtumishi wako. Tumeuzimia mchezo, basi.

Asikudanganye mtu, ubishi wa kamera ni mkali kuliko wa Simba na Yanga. Fundi friji ana Zenit E ya Kisovieti aliyoachiwa na mjomba wake, chuma kitupu, ukimgonga nayo kibaka analala hapo hapo. Aina hiyo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1965 na kipimo chake cha mwanga hakijui betri ni nini. Konda anamcheka, yeye ana Pentax K1000, iliyoanza mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa mpaka 1997. "Miaka 21 sura ile ile," anasema huku akiipapasa kama mtoto. "Hiyo simu yako itadumu mingapi?" Dogo yeye ana Canon 700D ya mtumba, toleo la 2013, pikseli milioni 18, na anaitaja hiyo milioni 18 kama vile ni hela iliyoko benki. Mwalimu hana kamera. Anatumia simu. Na inauma kusema, lakini picha zake za wavuvi wa Feri alfajiri ndizo zinazotufunga midomo wote.

Adui yetu sote lakini ni mmoja, naye hachagui Mrusi wala Mjapani. Ni unyevu. Hewa ya Dar unaijua, wakati wa masika hata chumvi mezani inageuka uji. Kuvu inapenda giza, joto na unyevu, yaani inapenda kabati lako la nguo. Ikiota kwenye kioo cha lenzi inatandaza nyuzi kama za buibui, na ukiichekea inaila ile dawa iliyopakwa juu ya kioo, kiasi kwamba hata ukija kuisafisha alama inabaki pale pale. Na ule mfuko wa ngozi uliokuja na kamera, unaouonea fahari, ndio godoro lake. Utoe!

Dawa tunayotumia kijiweni haina gharama. Chukua kontena la plastiki la kuwekea chakula, lile lenye mpira kwenye mfuniko, utie ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, halafu kamera ikae humo. Chembe zikishalowa, zimwage kwenye sinia na uzikaushe kwenye oveni, zinafanya kazi upya. Konda alikuwa anatumia mchele. Tumemkataza, kwa sababu mchele una vumbi, haunyonyi vya kutosha, na mwisho wa siku mtu ataupika.

Sasa nikupeleke kwenye kasheshe lenyewe.

Nyuma ya baraza yetu, nyumba ya tatu, anakaa mzee mmoja ambaye alikuwa mpiga picha wa mtaa mzima kuanzia miaka ya 1970. Studio yake ilikuwa chumba kimoja, pazia lenye mandhari ya ziwa na swala, na kiti kimoja ambacho nadhani nusu ya Magomeni imekikalia. Alifunga kazi simu zilipoanza kupiga picha. Lakini negativu hakutupa hata moja. Ziko kwenye maboksi manne, kila mkanda umekunjwa kwenye karatasi na kuandikwa kwa kalamu: mwaka, mtaa, shughuli. Wakubwa wanaofika Zanzibar wanaijua Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ambako picha za kale zimegeuka hazina ambayo wageni wanaifuata. Huyu wa kwetu hajulikani na mtu. Hazina yake ilikuwa juu ya kabati, chini ya bati bovu.

Masika yaliyopita mvua ilipiga siku mbili mfululizo, na asubuhi ya tatu mzee akatuma mjukuu kuja kumwita fundi friji. Maji yalikuwa yamepita kwenye silingi bodi na kuingia boksi la kwanza.

Jumamosi ile kibubu chetu kilikuwa na laki tatu na nusu. Tulikuwa tumechanga elfu tano tano kwa wiki kumi, lengo letu likiwa lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya shirika, tupokezane. Mwalimu akatoa hoja kwamba hela hiyo ikarekebishe paa la mzee. Weeeh! Dogo alisimama. Akasema paa ni kazi ya watoto wa mzee, wako wawili na mmoja ana gari, na kwamba lenzi ndiyo itakayookoa picha, maana tukishazinakili kwenye kompyuta hata nyumba ikidondoka kazi imekwisha. Mafundi cherehani wakamuunga mkono. Konda akauliza kwa upole wake ule wa kuudhi, "Utanakili maboksi manne kwa siku ngapi? Na mvua utaiambia isubiri?" Wakarushiana maneno ambayo mhariri wangu hataki niyaandike.

Mimi nilikuwa upande wa bati na bado niko huko. Dogo hakuwa mjinga, tena hoja yake ya watoto ina ukweli mchungu. Lakini kitu kinachovuja kinazibwa kwanza, mazungumzo baadaye.

Fundi friji akapanda juu na hapo ndipo tulipopata elimu ya bure, naomba uikate uibandike ukutani. Tone linapodondokea siyo penye tundu! Maji yalikuwa yanaingia karibu na kofia ya paa, yanateremka kwa kufuata papi kama basi linavyofuata barabara, yanapumzika kwenye kenchi, halafu ndiyo yanamwagikia kabati. Umbali wa kama mita mbili. Aliyeezeka zamani alikuwa amepiga misumari kwenye bonde la bati badala ya mgongo, na bonde ndiko maji yanakopita. Vile vipira vya misumari navyo jua lilikuwa limevikausha mpaka vinavunjika kama biskuti. Kwa hiyo hapakuhitajika paa jipya. Bati mbili zilizooza zikatolewa, misumari ikang'olewa na kupigwa mingine yenye mpira mahali panapostahili, matundu ya zamani yakazibwa kwa utepe wa lami. Kabla ya yote fundi alizima swichi kuu ya umeme, kwa sababu maji yalikuwa yamefika kwenye holda ya taa. Hilo usilisahau hata kama unaona ni tone moja tu.

Hata nusu ya kibubu haikuisha. Na iliyobaki ikamtibu dogo: badala ya lenzi tukanunua pete tupu zisizo na kioo, zinazokaa kati ya kamera na lenzi aliyokuwa nayo ya milimita 50. Zinasogeza lenzi mbele, na kitu kidogo kinajaa kwenye picha. Ngoma droo, kila mtu akacheka, isipokuwa mzee ambaye hakuwa na habari kwamba tuligombana.

Yeye alikuwa na beseni. Tulipotaka kuzianika zile negativu zilizolowa juani alitupigia kelele. "Msizikaushe zikiwa zimeshikana, wanangu! Zikikauka hivyo ndiyo basi tena." Akaziloweka kwenye maji safi ya baridi, akawa anaziachanisha moja moja kwa vidole kama mtu anayemenya kitunguu, kisha anazitundika kivulini kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka akishika mkanda, hapo inatulia. Zile ambazo zilishajikaukia zenyewe kabla hatujafika hazikuachana. Alizihesabu kimya kimya, akazifunga kwenye gazeti. Hakutuambia ni ngapi na hatukumuuliza.

Kuzinakili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unawasha tableti iwe na skrini nyeupe tupu, unainua negativu kidogo juu yake kwa kipande cha kioo ili vile vidoti vya skrini visionekane, unazima taa za chumba, unapiga. Kisha kwenye kompyuta unageuza, nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe inakuwa nyeusi. Sisi tunatumia GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na kutolewa kwa watu mwaka 1996. Toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Dogo anaisema vibaya, yeye ni mtu wa Photoshop, ile ya ndugu wawili Thomas na John Knoll iliyoingia sokoni mwaka 1990. Ni kweli ni kiboko. Ila tangu Adobe ilipotangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya yatalipiwa kwa vipindi, imekuwa kama pango la nyumba, ukichelewa unatolewa vyombo nje. Na zile za kuiba unazopewa kwenye flashi, shauri yako, virusi vyake havina breki.

Sasa sikiliza. Katika zile zilizolowa ilikuwemo moja ya mama aliyejifunga khanga, amesimama mbele ya lile pazia la swala. Maji yalikuwa yamebandua utando wa picha kuanzia kwenye paji la uso mpaka shavuni. Alikuwa mke wa mzee, marehemu. Hakuwa na nyingine ya umri ule.

Dogo akaichukua akaenda nayo nyumbani. Unajua tangu mwaka 2023 programu hizi zimetiwa akili mnemba, unaonyesha pengo nayo inajaza yenyewe. Jumamosi iliyofuata akaja na picha imechapwa, kubwa, kwenye fremu. Hakika ilikuwa bomba. Ngozi nyororo, macho mawili yanakutazama. Tulimpigia makofi. Mzee akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akaigeuza kwenye mwanga kama alivyozoea. "Mzuri," akasema. "Binti wa nani huyu?"

Baraza lote kimya. Dogo akaeleza, babu, ni bibi, kompyuta imemalizia tu pale palipobanduka. Mzee akampa mkono, akamshukuru sana, akamwambia amefanya kazi kubwa. Halafu akaiacha ile fremu juu ya benchi, akaondoka.

Kilichofanyika baadaye alikifanya mwalimu. Alifungua ile ile kwenye GIMP, akaondoa vumbi na mikwaruzo, akaongeza weusi kidogo upande wa khanga maandishi yakasomeka, na pale palipobanduka hakugusa. Jicho moja lipo, jingine hakuna. Hiyo ndiyo iko ukutani kwa mzee sasa. Dogo alinuna wiki mbili, anasema mteja yeyote mjini angelipa kwa ile ya kwake. Sina ubishi, angelipa. Mimi namwambia mtu akija na picha ya marehemu, mwambie kabla: hapa ni yeye, hapa ni mashine. Achague mwenyewe.

Mpaka leo tumemaliza maboksi mawili. La tatu ni la rangi na hilo ni kizaazaa, kwa sababu negativu za rangi zina wekundu wa chungwa, ukigeuza hivi hivi watu wote wanatoka bluu kama wamekufa kwa baridi, inabidi uanze kuusawazisha kwa subira. Na mzee ana masharti. Kuna mikanda anaiweka pembeni bila kutuonyesha. Juzi konda alifanikiwa kupiga chabo mmoja, umeandikwa "Harusi, Mapipa, 1983", akauliza mbona huo hautoki. Mzee akasema bwana harusi anayeonekana humo siye aliyeletwa nyumbani mwishoni, na bibi harusi bado yuko hai, anapita hapa kila siku kwenda sokoni.

Tumebaki kuwaangalia kina mama wote wanaopita na vikapu.