Neno la Daktari Nalo ni Dawa



Miongoni mwetu wamo wanaosomea udaktari hapa Bunia. Wanajua mengi, lakini wakiitwa kueleza somo mbele ya mwalimu na wenzao, mikono hutetemeka, sauti hukauka, na yale waliyoyasoma usiku kucha huwatoroka. Masomo ni kwa Kifaransa, nao huogopa kuchekwa kwa kosa dogo la lugha.

Tusilidharau jambo hili. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Hata Komanda, katika Irumu yetu, iliguswa. Chanjo ilikuwapo, lakini uvumi ulitangulia kufika vijijini, na wagonjwa wengine wakafichwa nyumbani. Siku zile dawa peke yake haikutosha. Alihitajika mtu wa kusimama mbele ya jamaa wenye woga na hasira, awasikilize, kisha awaeleze ukweli kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema au Kingiti. Daktari asiyethubutu kusema huwaachia waongo nafasi.

Musa alimlalamikia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumwondolea utume, wala hakumlaumu kwa kutojiamini tu. Alimpa ndugu yake Haruni asimame pamoja naye. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye fundisho. Kumwambia mwenye hofu ajiamini hakumsaidii sana, kwa maana ujasiri hulelewa na wenzake.

Basi vikundi vyetu vya parokia viwe Haruni. Mwanafunzi apewe somo la Misa ya Dominika, naye aandaliwe mapema. Apewe dakika 10 katika mkutano, aeleze malaria au kipindupindu kwa maneno ambayo mama muuza mihogo atayaelewa. Akikwama, asichekwe, asubiriwe. Naye aache kujiuliza watu wanamwonaje, ajiulize wanahitaji kujua nini.

Huenda hofu isiishe yote. Musa naye alikwenda kwa Farao akiwa bado analalamikia ulimi wake, na watu wakakombolewa.

Dominika ijayo, kikundi chenu kitamsimamia nani?