Vijana wahamishwa wizara, kata zasubiri

KIJANA wa Nanyala, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, amekwisha kupita mikononi mwa wizara kadhaa pasipo kuhama kijijini kwake. Mwaka 2006 masuala yake yalikuwa Wizara ya Kazi, Ajira na Maendeleo ya Vijana. Mwaka 2010 yakaunganishwa na habari, utamaduni na michezo. Mwaka 2015 yakapelekwa Ofisi ya Waziri Mkuu, michezo ikabaki kwingine. Novemba 2025, Rais Samia Suluhu Hassan aliyahamishia Ofisi ya Rais.

Hoja ya kuyapandisha ngazi ina uzito, kwani waziri mwenye jukumu moja hana pa kujificha. Hata hivyo, wizara hutunga sera. Fedha inayomfikia kijana hutoka halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI. Mikopo isiyo na riba hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, na fungu la vijana ni asilimia 4. Ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024.

Mbozi ni wilaya ya kahawa. Ushuru wa mazao ukipungua, asilimia 4 nayo husinyaa, hata kama sera ni nzuri.

Kwa hiyo wizara mpya haitapimwa kwa ukaribu wake na Ikulu. Itapimwa kwa uwezo wake wa kuzibana halmashauri zitenge fungu hilo, na kwa muda ambao kikundi cha Nanyala husubiri kujibiwa.