Mkono wa Mama si Kipimajoto



Mtoto akinyong'onyea, mama humgusa kwenye paji la uso. Akimwona ni wa moto, husema ana homa. Akimwona si wa moto, husema hajambo.

Mimi ni kijana. Siwezi kumfundisha mama aliyelea watoto saba namna ya kumtunza mtoto. Lakini maoni yangu ni haya: mkono ukisema mtoto ana homa, tuusikilize. Mkono ukisema hana homa, tusiuamini peke yake.

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukueni mabakuli matatu. La kwanza litiwe maji ya moto, lakini yasiyounguza. La pili maji ya baridi ya mtungini. La tatu maji ya uvuguvugu. Tia mkono mmoja katika maji ya moto na wa pili katika maji ya baridi. Ngoja kidogo. Kisha tia mikono yote miwili katika uvuguvugu. Mkono uliotoka kwenye moto utasema maji haya ni baridi. Mkono uliotoka kwenye baridi utasema ni ya moto. Maji ni yale yale, na mwenye mikono ni mmoja! Mwingereza John Locke aliandika jambo hili zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Sababu yake ni nini? Ndani ya ngozi mna ncha za neva. Hizo hupata habari ya joto na kuipeleka kwenye ubongo. Kupata habari huitwa hisi. Ubongo huipokea habari hiyo na kuipa maana. Kuipa maana huitwa utambuzi. Ngozi haihesabu joto kama kipimajoto. Hulinganisha joto la sasa na lile iliyolizoea.

Hata ulimi hudanganyika. Pilipili iliyochumwa asubuhi haina moto, lakini ukiitafuna unaungua. Kitu kilichomo katika pilipili huamsha ncha zile zile zinazoamshwa na moto. Kwa uchunguzi wa mambo ya namna hii, David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Sasa turudi kwa mtoto. Mama anatoka kusonga ugali, mikono yake imepata moto wa jiko. Anamgusa mtoto, anaona amepoa. Nilimpokea mama wa namna hiyo zahanatini. Siku mbili mkono wake ulimwambia mtoto hajambo. Siku ya tatu alimleta akiwa na degedege, tukampeleka hospitali. Mtoto alipona, lakini tulikuwa tumechelewa sana.

Nami nimewahi kukosea. Siku moja nilifika kazini kwa baiskeli, nimelowa mvua. Nilimgusa mtoto nikasema anaungua. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 36.8. Mkono wangu ndio uliokuwa baridi. Kwa hiyo hata mkono wa mganga si kipimajoto.

Basi tufanye nini?

Kwanza, anayeweza kununua kipimajoto anunue. Kiwekwe kwapani. Kikionyesha nyuzi 37.5 au zaidi, mtoto ana homa. Apelekwe zahanati akapimwe malaria. Asipewe dawa ya malaria kwa kubahatisha.

Pili, tuangalie mtoto mzima, si paji la uso tu. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, apelekwe upesi, hata kama mwili umepoa. Mtoto mchanga mgonjwa huweza kuwa baridi badala ya kuwa na joto. Akiwa chini ya nyuzi 35.5, hiyo ni hatari kubwa.

Tatu, maji ya kumwogesha mtoto tuyapime kwa kiwiko, si kwa kiganja kilichozoea maji ya moto na masufuria.

Najua wengine watasema bibi zetu walitulea bila vipimajoto, nasi tukakua. Ni kweli, sisi tulikua. Lakini wako wenzetu ambao hawakukua, nao hawapo kutoa maoni yao.

Mkono wa mama ni wa kulea na kubembeleza. Tusiutwike kazi ya kipimajoto.